Washenga wa Marakuja

Kila ninapopita karibu na garaji na kusikia harufu ya mafuta machafu, yale meusi yanayomwagwa kutoka tumboni mwa gari, huwa napunguza mwendo. Wanaopita nami hudhani nimechoka. Sikatai, kwa umri wangu uchovu ni udhuru unaoaminika. Lakini nyinyi nitawaambia ukweli: harufu hiyo hunirudisha mtaani Buyenzi, uani kwetu, nikiwa nimeshika kopo lenye mdomo mrefu na kujiona shujaa.

Baba alikuwa fundi wa magari, na kwetu mafuta machafu hayakutupwa. Tuliyapaka kwenye milango, kwenye nguzo, hata kwenye kitanda cha wageni, ili mchwa wasiguse mbao. Karibu nyumba zote za mtaa wetu zilipakwa hivyo. Ukiegemea ukuta na kanzu ya Idi, ulirudi nyumbani ukiwa na mistari mgongoni, na mama yako alijua mara moja ulikuwa kwa nani.

Uani kwetu palikuwa na mashina mawili ya marakuja, moja upande wa jikoni na jingine upande wa choo, yakitambaa na kukutana juu ya kichanja cha miti. Bibi, mzaa mama, ndiye aliyeyapanda, akafariki kabla hajaonja tunda. Tangu hapo mama hakuuza hata moja. Kila Ramadhani alikamua sharubati, akaigawa nyumba kwa nyumba wakati wa kufuturu, iwe sadaka ya mama yake. Watu walikunywa, wakashusha pumzi, wakasema, “Mungu amurehemu mama yako.” Mimi nadhani mama alifunga mwezi mzima akiingojea sentensi ile.

Ndani ya miti ya kichanja, ambayo haikuwa imepakwa mafuta, waliishi nyuki weusi, wanene, kila mmoja na tundu lake la duara kama lililotobolewa kwa keekee. Sisi watoto tuliwaita malori, kwa sababu ya mngurumo wao na kwa sababu waliruka kama waliobeba mzigo. Hawakuwa na asali. Walichotupa ni vumbi la mbao, lililodondoka juu ya sahani zetu tukiwa tunakula.

“Fuata nyuki ule asali,” baba alikuwa akisema huku akipuliza wali wake. “Hawa ukiwafuata utakula kichanja.”

Tukacheka. Kisha akatazama juu na kusema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, kwamba ile miti ingekuja kutuangukia siku moja.

Hayo yalinitosha. Jioni moja, malori walipokuwa wamerudi vyumbani mwao, nilipanda juu ya stuli na kopo la baba, nikajaza mafuta katika kila tundu, kisha nikaziba kwa sabuni ya kufulia. Nilisikia mngurumo ndani ya mti, chini ya kiganja changu, halafu sikusikia kitu. Baba alipoona kazi ile alinipigapiga begani. “Huyu ni fundi sasa!” Nililala nimevimba kwa sifa.

Marakuja yakaendelea kutoa maua, mazuri kama zamani, meupe yenye nywele za zambarau. Yalifunguka baada ya adhuhuri, yakafumba jioni, na baada ya siku chache yalianguka. Mama aliyafagia. Akaongeza maji, kwa kuwa kilikuwa kiangazi. Yakaanguka tena. Bibi Mwajuma, jirani yetu, alisema ni jicho la watu, akaleta kitambaa chekundu tukifunge kwenye shina. Kitambaa kilikaa, maua yakaanguka. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na juu ya kichanja hapakuwa na tunda hata moja.

Ndipo mchana mmoja mama akaacha kufagia, akasimama chini ya majani akiwa ameinamisha kichwa.

“We Hamadi. Yale malori yenu iko wapi?”

Nilimwonyesha nguzo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetembeza wageni katika nyumba mpya. Mama aligusa sabuni kwa kidole. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mutoto wangu, umeua washenga.”

Nilidhani amechanganyikiwa na joto. Akanieleza polepole. Ua la jikoni linataka unga wa ua la chooni, na la chooni linataka wa jikoni. Hayawezi kutembeleana. Kwao milimani, alikokulia, aliwaona nyuki hao wakipeleka unga huo mgongoni, na mahali walipofukuzwa, maua yalikaa kama mabinti wasioposwa.

Baba aliyekuwa akisikiliza mlangoni alikuna kichwa. “Mi nilifikiri zinakula miti tu.”

“Mulifikiri wote wawili,” mama alisema. “Sasa mumoja wenu atapanda stuli.”

Nilipanda mimi. Vakansi yote, shule zikiwa zimefungwa, wenzangu walipokwenda kucheza mpira baada ya adhuhuri, mimi nilibaki na unyoya wa kuku, nikichukua unga wa manjano jikoni na kuupeleka chooni, kisha kinyume chake, kabla maua hayajafumba. Shingo iliuma. Siafu walinipanda miguuni. Wenzangu walichungulia juu ya ukuta.

“Mushenga! Umepata mahari ngapi leo?”

“Mushenga, na dada yangu umutafutie bwana!”

Nilikuwa nikiwatupia sabuni iliyobaki. Lakini baada ya siku kadhaa niliona vitu vidogo vya kijani vikivimba nyuma ya maua yaliyonyauka, na nilipiga kelele hadi Bibi Mwajuma akatoka akiwa na povu usoni. Hayakuwa mengi. Maua mengi yalifunguka juu zaidi ya mkono wangu, mengine sikuyawahi, mengine niliyavunja kwa haraka.

Ramadhani ilipofika, matunda yote yalijaza jagi moja dogo. Mama hakuligawa nyumba kwa nyumba. Aliwaita majirani kwetu, akamimina katika vikombe vya kahawa, funda moja moja. Mimi sikuweza kuvumilia. Nilisimama katikati ya mkeka na kutangaza kwamba sharubati ile ilikuwa kazi yangu, bila nyuki hata mmoja.

Watu walicheka, wakanisifu. Mzee mmoja alisema kumbe sasa nyuki wakapumzike. Mama peke yake hakucheka. Alinitazama juu ya kikombe kitupu.

“Na mwaka yenye inakuya?” akauliza.

Niliketi, nikamchukia kidogo kwa kuniharibia furaha.

Mwaka uliofuata nilikuwa sekondari, tukisoma mchana hata wakati wa vakansi, na maua yalifunguka saa ambazo nilikuwa darasani. Malori hawakurudi, maana baba alikuwa amezoea kupaka kila mti mpya. Mama aligawa maji ya ndimu. Watu wakanywa, wakashukuru, lakini bibi mzaa mama hakutajwa, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuwakumbusha.

Leo naishi Cibitoke, na nimeacha gogo kavu limesimama kwenye kona ya ua. Vijana hunipigia hodi: “Muzee, iko na matundu, tukupakie oli ya gari?” Nawaambia apana, liacheni. Wananiona mzee mwenye ukaidi. Malori wanne au watano wameshahamia humo, nami sina uhakika kama ni wa ukoo ule.

Kwa miaka mingi niliamini mama aliniuliza lile swali ili kunikomesha maringo. Nilikuwa na mvi tayari nilipotambua kwamba halikuwa fumbo wala karipio. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Kati ya watu wote waliokuwa kwenye mkeka ule, ni yeye pekee aliyekuwa akinywa sharubati ya mwisho na kuhofia kuwa ndiyo ya mwisho.