Upepo wa Matairi, Njia ya Al Ain

Niliondoka Voi kwa sababu ya mgongo. Umeinamia matairi ya malori tangu ujana, sasa umekataa, na karakana niliyoijenga kwa mikono hii, mimi niliyeacha shule darasa la tatu, inataka mtu. Wanangu wa kiume wanataka ofisi. Amebaki binti yangu Wakesho, dereva wa madam mmoja Dubai. Nikasema niende nimwone mwenyewe barabarani. Karakana haipewi mtu kwa kuwa ni damu yako tu.

Jioni, uwanja wa ndege. Wakesho alinipokea na gari la madam, refu, jeusi, viti vinanukia ngozi. Nikalizunguka nikipiga kila tairi teke, kama tulivyofanya sisi.

“Baba, usipige. Watu wanatuangalia.”

“Waache waone fundi.”

Tulipofika mtaa wa Rashidiya gari likaanza kulia. Nikadhani limeharibika, kumbe lilitaka nifunge mkanda. Magari yetu yalingoja amri. Hili linatoa amri. Nikafunga.

Siku ya pili tulielekea Al Ain kumchukua mama yake madam, bibi wa umri wa kushikwa mkono. Jua lilikuwa la kuoka mkate. Barabara ile iliyonyooka ilinirudisha Tsavo, enzi zangu za lori. Saa za jua kali tulikuwa tukisimama Mtito Andei, tukitoa upepo kidogo kila tairi lisipasuke, tukinywa chai, tukicheka, kisha tukiondoka. Wenzangu wa njia ile wengi wamelala chini ya udongo. Nikisikia upepo ukitoka kwenye tairi, naona sura zao.

Kwenye skrini mbele ya usukani namba za upepo wa matairi zilikuwa zinapanda. Nikamwamuru asimame kwenye kituo cha mafuta.

“Toa upepo.”

“Hapana, baba.”

Hakuna mtoto wangu aliyewahi kuniambia hapana kuhusu tairi. “Nimeziba pancha kabla mama yako hajakuzaa.”

“Najua, ndiyo maana nakuambia polepole. Joto ndilo limeupandisha, na waliotengeneza gari walilijua hilo. Ukipunguza sasa, tairi likipoa litakuwa chini. Likiwa chini linajikunja, likijikunja linachemka, mwisho linapasuka. Na nina bibi wa watu wa kubeba.”

Mhudumu wa pale, Mganda, alikuwa ametusikia. “Mzee, mwachie. Ukipasua tairi ya arbab, yaani bosi, hapa, khalas, kwisha, mnarudi kwenu wote wawili.”

Niliinama na mgongo wangu huo huo, nikafungua kifuniko cha vali ya tairi. Wakesho akaweka kiganja juu ya mkono wangu.

“Ukitoa, baba, mimi siendeshi. Utampigia madam wewe.”

Nikarudi garini. Tulipotoka Al Ain na bibi yule, alilala kiti cha nyuma njia nzima, mdomo wazi, kama mtoto.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya jua, Wakesho aliniita kwenye maegesho chini ya jengo lake, mtaa wa Jumeirah Village Circle. Gari lilikuwa baridi. Akanipa kipimo. “Pima wewe mwenyewe.” Nikapima moja moja. Yote manne yalikuwa sawasawa na namba za kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Ningetoa jana, yangekuwa chini. Nikamwuliza kama kuna chai.

Siku ya kurudi nilimwambia karakana ni yake.

“Mkataba ukiisha, inshallah. Lakini madereva marafiki zako nitawakatalia hivyo hivyo.”

“Watakutukana.”

“Wewe ulinikaripia pale kituoni, nikawa mzima.”

Sasa niko Voi. Nilikwenda kutafuta mtu wa kufanya kama nilivyofanya mimi, nikapata anayeweza kunizuia, na karakana inamhitaji huyo zaidi. Juzi, mchana wa jua, rafiki wa zamani alisimamisha lori akataka apunguziwe upepo. Nilimwambia akae kivulini matairi yapoe.

“Tangu lini?” akauliza. “Si wewe uliyenifundisha kutoa?”

Nikamwambia mwenye karakana amekataa.