Mtutu Nilioung'arisha

Nyani ndio waliotutangazia kwamba mjomba amezeeka. Zamani akitokea tu ukingoni mwa shamba la mahindi, bunduki begani, walikuwa wanatokomea msituni kabla hajaishusha. Mwaka ule, wa pili tangu tuhamishiwe kijijini huko Murungu, alifyatua mara tatu kwa nyakati tofauti, na mara zote vumbi likaruka pembeni, mbali kabisa. Mara ya tatu dume moja kubwa liligeuka, likalitazama vumbi, likamtazama mjomba, kisha likaendelea kumenya hindi lake. Walioshuhudia waliapa kwamba lilitikisa kichwa kwa masikitiko. Mimi sikuliamini hilo la kichwa, lakini sikuwapo. Mimi nilikuwa nyumbani. Siku zote nilikuwa nyumbani.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kale. Baba yake mjomba alipewa na Mbelgiji mmoja baada ya kumbebea mizigo, enzi zile Wabelgiji walipokaa huku kwetu. Chini ya kifyatulio ilikuwa na mkono wa chuma. Unausukuma mbele, unaurudisha, kla-kla, risasi nyingine imeshaingia. Wenzetu wenye magobore walikuwa bado wanashindilia baruti wakati mjomba ameshamaliza kazi na anaomba maji ya kunywa. Kibali chake alikihifadhi katika kopo la majani ya chai, na risasi zilizobaki, ambazo hazikuwa nyingi wala hazikupatikana tena kirahisi, alizificha mahali alipopajua mwenyewe.

Basi, kwa kuwa chuma hakioti mvi, lawama ikaenda kwa macho.

Watu wakaanza kumhurumia, na huruma ya kijiji ni mzigo. Jirani akipita anapiga makofi ya salamu kama kawaida yetu, halafu anaongeza kwa sauti ya juu, "Ni mimi mzee, jirani yako, nimesimama hapa kulia!" Mkazamjomba akawa anamtolea miiba kwenye samaki wake wa mgebuka kabla hajamwekea sahani. Mjomba hakuwa hata na miaka sitini.

"Naona vizuri!" alifoka siku moja. "Kutoka hapa naona kiroboto kwenye blanketi la mpwa wangu!"

"Hicho hata kipofu atakiona," mkazamjomba akajibu. "Blanketi lenyewe halijatoka nje tangu Pasaka. Na mwenye blanketi vilevile. Eti mwali wangu, utaolewa lini?"

Mwali ndiye mimi, mwanamume mzima; aliniita hivyo kwa kukaa kwangu ndani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikarudi kusubiri barua ya kazi, na barua ilipochelewa sikuona sababu ya kuisubiria juani. Nilikuwa katibu wa kijiji, jioni nafundisha watu wazima kusoma, na saa zilizobaki nilisafisha vitu. Si kujisifu: shuleni nilipata alama za kawaida katika masomo yote, ila kwa usafi wa bweni hakuna aliyenifikia. Ndoo yangu ungeweza kuifanya kioo cha kunyolea. Kwa hiyo niliporudi, mjomba alinikabidhi bunduki niwe naisafisha kila Jumamosi. Alisema mkono wangu ni mpole. Miaka mitatu sikukosa Jumamosi hata moja.

Halmashauri ya kijiji ikakaa. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana alizunguka sana kabla ya kusema.

"Ndugu mzee, hakuna anayekunyang'anya. Tunasema tu, mahindi ni ya wote. Bunduki akae nayo huyu ndugu yetu wa mgambo, yeye macho yake bado mapya. Wewe upumzike."

"Siyo macho," mjomba akasema. "Ni bunduki."

Wote waliangalia chini kwa adabu, na nilimwona mjomba akiona adabu ile ikimpiga usoni. Akaomba muda aipeleke kwa fundi, Kasulu. Wakampa hadi mwisho wa mwezi. Asipopiga shabaha siku hiyo, anaikabidhi. Nami, katibu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Macho ya mzee yamechoka."

Polisi walituandikia karatasi ya kusafiri na bunduki, tukapanda lori la magunia ya maharage. Mimi ambaye nikienda kisimani nasema nimesafiri, nilitapika mara mbili kabla hatujaimaliza wilaya ya Kibondo. Mjomba alinishikia shati. Tuliposhuka Kasulu alinivuta pembeni.

"Mpwa wangu, mimi napita Titye kumjulia hali rafiki yangu, nitarudi kesho kutwa. Fundi akisema bunduki ni nzima, niambie hivyo hivyo. Usinipambie."

"Lakini mjomba, wewe si unasema ni bunduki?"

"Nilisema." Akatazama barabara. "Watu wakikuambia kila siku kwamba huoni, unaanza kukikagua hata kikombe chako kabla ya kukishika. Jana niliuona mbuyu nikadhani... basi, nimesema. Usinipambie."

Ya jana hakuyamalizia; akashika njia ya Titye.

Fundi alikuwa Mrundi aliyekimbilia huku na familia yake, akitengeneza cherehani na baiskeli nyuma ya soko. Kwao alikuwa ameshika kazi ya vyuma tangu ujana. Yeye akisema Kirundi, mimi Kiha, tukielewana kama watoto wa nyumba mbili za mzee mmoja. Alifungua, akachungulia, akageuza. Kisha akachukua risasi moja kati ya tulizokuja nazo na kuichomeka kichwa chini kwenye mdomo wa mtutu. Ikazama karibu yote.

"Tazama," akasema. "Risasi inatakiwa isimame mlangoni kama mgeni mwenye adabu. Hii imeingia mpaka chumbani. Ndani kabisa mifuo bado ipo, ile inayoizungusha risasi iende sawa. Hapa mdomoni imekwisha, tena imelika upande mmoja. Nani anaisafisha?"

"Mimi," nikasema, na nakiri nilisimama wima kidogo.

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa waya mnene wa chuma, ninaupitisha mdomoni. Kitambaa, majivu, na mchanga laini kidogo. Kila Jumamosi."

Akaiweka bunduki chini taratibu. "Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Ndugu yangu," akasema, "adui wa huyo mzee asingeweza kufanya kazi nzuri kuliko yako."

Aliukata mtutu urefu wa vidole vitatu, pale mifuo ilipoanza kuwa hai, akalainisha mdomo mpya kwa tupa na subira, akarudishia kile kinundu cha kulengea. Siku mbili nzima nilikaa kwenye gogo la mti nikimwangalia, na kwa mara ya kwanza maishani sikutamani kuwa nyumbani, maana nyumbani kulikuwa na mkazamjomba na yale maswali yake.

Tukiwa juu ya lori la kurudi, mjomba akauliza fundi amesemaje.

"Mtutu ulikuwa umekwisha mdomoni. Ni uzee tu wa chuma."

Akanipiga piga gotini. "Fundi ni mtu wa adabu. Na wewe umelelewa vizuri."

"Ni kweli, mjomba."

"Chuma kilichomvumilia baba yangu maisha yake yote, kizeeke ghafla mikononi mwangu? Hata huo mtutu umekatwa ili kunifariji tu. Nilikuambia usinipambie. Tukifika nitaikabidhi, sitaki hata kujaribu."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Watu walikuwa wamemdanganya kwa upole kwa muda mrefu mno; jambo lolote la upole hakuliamini tena. Nilichobaki nacho ni aibu.

"Ni mimi niliyeumaliza," nikasema. Nikamweleza yote, waya, majivu, mchanga.

Tulipovuka daraja akanigeukia. "Mchanga wa wapi?"

"Wa mtoni. Nilikuwa nauchekecha kwanza."

"Unauchekecha?"

"Kwa chekeche la mkazamjomba."

Mjomba alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, kisha akalala chali juu ya magunia akicheka machozi yakimtoka. "Anauchekecha!" aliwaambia abiria wasiojua chochote. "Mwenzenu anauchekecha!" Alipopata pumzi akaketi. "Hii naiamini. Hakuna mtu anayejitungia uongo wa kujifanya mjinga kiasi hiki."

Siku ya halmashauri walitundika kibuyu ukingoni mwa shamba, kwa umbali ambao nyani hukaa. Mjomba alitumia risasi moja. Kibuyu kikawa vipande, na msituni nyuma yake kukasikika makelele ya nyani wakikimbia.

"Ah, bahati," akasema yule wa mgambo. "Kibuyu chenyewe kikubwa kama tumbo la mwenyekiti."

Watu wakacheka, na niliona ile huruma ikianza kurudi nyusoni mwao. Nikasimama. "Ndugu Mwenyekiti, katibu anaomba kusema." Nikasema yote, pamoja na chekeche. Mkazamjomba, aliyekuwa amekaa na akina mama, alipiga yowe.

"Lile chekeche la unga? Mwali wewe! Tumekula mchanga wa bunduki miaka mitatu!"

Mwenyekiti alisubiri kicheko kipungue, akafuta macho. "Katibu, futa ule mstari wa kikao kilichopita. Andika hayo uliyosema."

Niliandika. Mwandiko haukuwa mzuri siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilijificha jikoni, nikisingizia kuchambua maharage. Mjomba akaja na bunduki, akailaza mapajani mwangu kama zamani. Waya wangu alikuwa ameukunja kuwa ndoano ya kutundikia taa. Badala yake akanipa kamba ya katani iliyofungwa kitambaa, ile tuliyopewa na fundi, ya kuvutwa kutoka nyuma kwenda mbele.

"Mkono wako ni mpole," akasema. "Ila leo nitakuwa naangalia."

Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, akaniangalia mpaka nilipomaliza.