Kifaa cha Baba cha Kusugulia Mabuti

Baba alipopata kiharusi, kitu cha kwanza alichouliza maneno yalipoanza kumrudia mdomoni ni mabuti yake yako wapi. Mama akamwambia yako mlangoni. Akauliza kama yana matope. Mama akasema yanayo, nani alikuwa na nafasi ya kuyasugua? Baba akafumba macho, uso ukalegea, kama mtu aliyeambiwa kwamba bado hajachelewa.

Nyumba yetu iko upande wa nyuma wa Kigombe, pale harufu ya dagaa wanaoanikwa inapokutana na harufu ya mkonge uliosagwa. Kwetu mtu haingii ndani na viatu. Vinabaki nje, na kila apitaye anajua nani yupo na nani ametoka. Pembeni ya kandambili za mama, miaka yote ya utoto wangu, yalikaa mabuti meusi ya ngozi yenye udongo mwekundu wa shamba na, juu ya udongo, utelezi wa kijani wa korona. Korona kwetu ni mtambo unaosaga majani ya mkonge yakatoka singa, zile nyuzi za kusokotea kamba. Mwaka ule dunia nzima ilipokuwa inalitamka neno hilo kwa hofu, baba aliaga kila alfajiri, "Haya, naenda korona," na mama akamjibu akiwa jikoni, "Usituletee!" Walicheka kila siku kama vile ndiyo kwanza wameubuni mzaha huo.

Babu yake baba aliletwa kutoka bara kama manamba, kukata mkonge. Baba yake naye alikata mpaka mgongo ukapinda. Baba ndiye wa kwanza katika ukoo kutoka juani na kuingia chini ya paa la mtambo. Alisimama kwenye mkanda akilisha majani, akiyapanga yaingie kwenye visu yakiwa yamelala vizuri. Sisi watoto tulimwona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia wote na sehemu kubwa ya mguu. Mimi, binti yake, nilitoka Dar es Salaam nikidhani nakuja kwa siku chache. Nikakaa masika yote.

Msimamizi wa korona alikuja kumjulia hali. Alileta sukari na mkate, akaketi kitandani miguuni pake, akasema maneno ambayo mtu yeyote mwenye huruma angeyasema: "Mzee, wewe pona kwanza. Siku ukiweza kujihudumia mwenyewe, njoo ofisini tukuone." Akaaga akaenda zake. Mimi na mama tuliyasikia kama pole. Baba aliyasikia kama mkataba.

Tangu siku ile hatukuruhusiwa kumgusa. Alijifunza kula kwa mkono wa kushoto, wali ukimwagika kifuani, mama akiangalia pembeni. Alijifunza kwenda uani akishika ukuta. Jioni moja akatuita, akatuambia kwa ulimi wake mzito:

"Kula najilisha. Chooni najipeleka. Kuvaa navaa. Kimebaki kimoja."

"Kipi hicho?" mama akauliza.

"Mabuti."

Kusugua buti kunataka mikono miwili, mmoja ushike buti na mwingine ushike brashi. Kunataka pia mgongo unaokubali kuinama. Na korona mtu hawezi kuacha kusugua, kwa sababu utomvu wa mkonge unawasha na unakula ngozi, na ule utelezi wa kijani ukiganda kwenye soli unaweza kumwangusha mtu karibu na visu. Wenzake baba, kila wapumzikapo katikati ya zamu, wote hupita bombani kusugua.

"Mimi nitakusugulia," mama akasema. "Nimekusugulia miaka yote."

"Korona utakuwepo?"

Mama akarudi jikoni.

Ndipo baba akaanza kutengeneza kifaa. Alitaka ubao wa mnazi, nikamtafutia. Akataka keekee ya kutobolea, nikaiazima kwa seremala. Alikanyaga ubao kwa mguu mzima, akatoboa kwa mkono wa kushoto, matundu yakaenda upogo kama meno ya mtoto. Humo alichomeka vishungi vya singa. Mara ya kwanza vilikuwa laini mno, vikilowa vinalala. Akasema zitafutwe singa za chini ya jani, karibu na shina, ndizo nene. Akapata brashi mbili za kusimama zikitazamana, na ya tatu imelala chini kati yao. Unaingiza mguu uliovaa buti, unauvuta na kuusukuma, na buti linasuguka kushoto, kulia na soli kwa pamoja.

Ila alihitaji pa kushika. Bila kushika angeanguka.

Asubuhi moja niliamka nikamkuta uani na baiskeli yake imelala chini, usukani umeshatoka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni.

"Baiskeli ndiyo unaivunja?" akasema. "Baba watoto, baiskeli?"

"Naivunjia kazi."

"Na kazini utakwenda na nini?"

Baba akamtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo mbali sana. "Nitapata lifti ya trekta," akasema. Mama akaingia ndani. Nilimsikia akilia kwa sauti ndogo. Nilimwelewa. Kwake, baiskeli nzima ilikuwa ni mume ambaye huenda akaipanda tena.

Usukani ulisimamishwa juu ya kipande cha bomba la chuma mbele ya brashi. Siku ya kujaribu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Baba akavaa mabuti, jambo lililomchukua muda mrefu, akaenda mpaka kwenye dimbwi la njiani, akakanyaga humo kwa makusudi, akarudi akiburuta mguu. Akashika usukani kwa mkono wa kushoto. Mguu wa kushoto ukasuguka upesi. Wa kulia ulikataa kwenda mbele. Akawa anautupa kwa nyonga, anauvuta, anautupa tena, jasho likimtoka, mpaka buti likatoka jeusi linalong'aa. Akageuka kututazama. Mpaka leo sijapata maneno ya uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika.

Uwanja wa mpira uko jirani nasi, na masika huwa bwawa. Vijana wa timu walikiona kile kifaa, wakaanza kuja na njumu zao baada ya mechi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmefungwa ngapi?"

"Mzee naye! Haulizi tumefunga, anauliza tumefungwa!"

"Nimeona sura zenu."

"Muulize kipa. Leo alikuwa anauza samaki golini."

"Yakhe, niache. Goli lenyewe lina kina cha kuogelea."

"Mzee, mashine yako haina injini?"

"Injini wewe. Ingiza mguu."

Walipanga foleni, wakasukumana, wakatukanana kwa furaha, matope yakawa kichuguu mlangoni petu. Mama alilalamika na kuwapa maji ya kunywa. Baba aliketi kwenye benchi akiwasimamia. Kila kijana aliyetoka na kiatu safi alikuwa kwake ushahidi. "Umeona?" ananiambia. "Hiki kinafanya kazi." Nami nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba hilo silo lililokuwa linaulizwa.

Kisha, jioni moja isiyo ya mechi, akaja kijana mmoja wa timu ile peke yake, na mabuti badala ya njumu. Kabla hajafika mlangoni, baba aliinua pua.

"Umetoka korona."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu mfungo uishe."

"Wamekuweka wapi?"

"Kulisha."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Upande gani wa mkanda?"

"Wa kulia." Kijana akashika usukani, lakini mguu hakuuingiza. "Mzee, wamenieleza kwamba wewe ndiye uliyekuwa pale. Mimi sikuomba pale. Waliniweka tu."

"Nani kakuuliza hayo? Sugua."

Kijana akasugua. Utelezi wa kijani ukadondoka juu ya ardhi yetu, na ile harufu chachu, ambayo haikuwa imefika mlangoni petu tangu baba augue, ikatujia wote watatu.

"Sugua na kwenye mshono," baba akasema. "Usipite juu juu. Utomvu ukikaa kwenye mshono, ngozi inaachia."

Alipoondoka, mama akaketi kando ya baba. "Sasa ofisini bado utaenda?"

"Nitaenda. Mkanda una upande wa kushoto pia." Akaunyanyua mkono wake mzima, akautazama kwa tumaini lililoniumiza kuliko kilio. "Na kushoto ndiko nilikobaki."

Tulikwenda kwa bajaji mvua zilipopungua. Alikataa kuondoka bila kile kifaa. Kilikaa katikati yetu, usukani ukinichoma ubavuni njia nzima. Ofisi ya shamba imewekwa vigae vyeupe sakafuni, na ngazini kulikuwa na safu ya mabuti ya watu walioingia pekupeku. Baba akaniambia nikishushe kifaa hapo hapo ngazini. Akapita kwenye matope ya uwanja mzima kwa miguu yake, akikataa mkono wangu, akafika, akashika usukani, akaanza kusugua.

Makarani wakachungulia madirishani. Mama mfagizi akaegemea fagio lake. Mguu wa kushoto, upesi. Wa kulia, akautupa kwa nyonga, akauvuta, akautupa. Hakuna aliyecheka. Msimamizi akatoka nje, akasubiri mpaka amalize.

"Mzee, hiki umekitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa mkono huu."

"Hongera sana. Kweli kabisa, hongera." Akaingiza kiatu chake kati ya brashi, akakivuta mara mbili tatu, akakitoa akakitazama. "Jamani, njooni mwone!"

"Mungu kanisikia," mama mfagizi akasema. "Vigae hivi vimenitoa roho."

Wakaja, wakajaribu mmoja mmoja. Baba akasimama kati yao ameshika nguzo, akisubiri wamalize, kisha akasema, "Ulisema nikiweza kujihudumia mwenyewe."

Msimamizi alimtazama. Niliona wazi kwamba hakumbuki. Alikuwa anatafuta, ndani ya siku zake zote zenye shughuli, ni lini aliwahi kusema jambo kama hilo. Alipolipata, sura ikambadilika.

"Mzee wangu," akasema, "kule kwenye visu..." Hakumaliza. Akaupitisha mkono wake juu ya usukani wa baiskeli. "Sikiliza. Tutengenezee kimoja kama hiki, tukiweke hapa mlangoni. Hiyo nayo si kazi?"

"Upande wa kushoto hakuna nafasi?"

"Mzee."

Neno hilo moja tu, kwa upole. Baba akaitikia kwa kichwa. Akaingia ofisini, maana alikuwa na haki ya kuingia na viatu vyake, akasalimia makarani wote, akaketi, akaletewa chai. Sakafuni hakuacha hata alama.

Alikitengeneza. Kilimchukua kiangazi chote, na mkono ule uliobaki nao ulikuwa umeanza kutetemeka. Mama alimshikia singa, akamkatia, akamchomekea kwenye matundu ambayo yeye alishindwa kuyaona vizuri. Kilipokwisha nilitoka tena Dar kuja kukipeleka. Msimamizi yule alikuwa amehamishiwa shamba jingine, na aliyekuja hakuwa na habari ya kifaa chochote. Karani akaniambia nikiache kwa askari wa getini. Nilikiacha kimeegemea kibanda chake, kati ya ndoo na gurudumu bovu.

"Wamekiweka wapi?" baba akauliza niliporudi.

"Nimekiacha kwa askari. Msimamizi ni mwingine."

"Ah." Akafikiri. "Basi huyo mpya hajakiona kikifanya kazi."

Kesho yake alianza kingine.

Hakuna aliyekiagiza, wala hicho wala vilivyofuata. Sasa viko ukutani kwa nje, vimepangwa. Vingine brashi zake zimeliwa na mchwa, kimoja jirani amekigeuza kiti cha kuoshea vyombo. Vijana wa timu hawaji sana, wengi wamekwenda Tanga mjini au wamevuka mpaka wa Horohoro kutafuta kazi Mombasa. Mama hamkatazi. Ananiambia kwa simu kwamba hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyopewa na shamba, na hakuna aliyemwambia imekwisha, na yeye hatakuwa wa kumwambia.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona. Nilimkuta benchini, ubao umebanwa kati ya magoti, anapunguza vishungi kwa mkasi ili vilingane. Kila akikata, mkono unaruka, na kishungi kimoja kinatoka kifupi kuliko wenzake, inabidi apunguze vyote upya. Brashi ilikuwa imebaki fupi kama nywele za mwanafunzi. Nilipomwamkia alinishika mkono, akaniuliza kwa ile sauti ya mtu mwenye jambo lake:

"Mama, huko Dar, kwenye ofisi mnazokwenda, kuna matope?"

"Hakuna, baba."

"Hata masika?"

"Hata masika. Wameweka lami mpaka mlangoni."

Akaitikia kwa kichwa, pole pole, akauinua tena mkasi.