Nilivyompa Pole Mdogo Wangu kwa Kuokotwa

Mimi na mdogo wangu Zuhura tulipeleka mate yetu kupimwa vinasaba, tujue asili ya ukoo. Majibu yangu yalitaja Uajemi. Yake hayakuutaja kabisa. Nikakata shauri kwamba Zuhura aliokotwa.

Nikaenda kwake Bububu, nikamshika mkono mbele ya mumewe na mama mkwe wake, nikamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, hata kama si damu yetu, sisi tunakupenda."

Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Kaka," akasema Zuhura, "kila mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, lakini si nusu ile ile. Uajemi umekuangukia wewe, mimi nimeukosa. Basi."

Kisha akageukia jikoni, ambako sikujua kuna mtu, akaita, "Mama, hebu njoo! Kaka anataka kujua uliniokota wapi."