Nyigu wa Mlango wa Stoo

Mke wa fundi Cheche hakuwa mtu wa kuogopa wadudu. Kabichi zake nyuma ya nyumba alizilima mwenyewe, na viwavi aliwatumbua kwa vidole huku akiimba. Shida ni kwamba viwavi walimzidi nguvu. Kila akiamka, majani yametobolewa kama chekecheke.

Asubuhi moja alifungua mlango wa stoo achukue jembe. Kumbe nyigu walikuwa wamejenga juu ya fremu, na mmoja akamchoma kwenye kope. Jicho likavimba mpaka likajifumba.

"Mume wangu, leo ukirudi kutoka kazini uwachome moto wote. Asibaki hata wa kusimulia!"

"Nitawachoma," Cheche akajibu, tayari yuko nje ya geti. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kutwa nzima yumo ndani ya cheche za moto, lakini nyigu akimpitia sikioni, mwili ulimsisimka wote.

Siku hiyo mkewe hakuweza kulima. Alikaa kwenye baraza ya nyuma, juu ya kigoda, kitambaa chenye maji kikiwa jichoni, akinuna. Mara nyigu akatua kwenye kabichi, akapenya kati ya majani, akamburuta kiwavi nje. Akamtafuna akamtafuna mpaka akawa donge la kijani, kisha akaruka nalo hadi juu ya mlango wa stoo kulisha watoto wake. Akaja mwingine. Na mwingine.

"Ala!" Mke wa Cheche akasogeza kigoda karibu. "Huyo hapo, chini ya jani! Umempita, rudi!"

Mama mkwe wake akatoka jikoni na kisu cha viazi mkononi. "Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na vibarua, mama. Njoo uone."

Mama mkwe alidhani sumu imempanda kichwani. Lakini alipoona kiwavi wa kwanza akibebwa, naye akavuta kiti. Viazi vikasahauliwa.

Jioni Cheche akaingia na barakoa ya kuchomelea, koti la ngozi, glovu hadi kwenye viwiko, na fimbo yenye tambara linalowaka.

"Rudini nyuma!" sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Zima moto wako. Hao hawaguswi, wanakula viwavi."

"Si ulisema asibaki wa kusimulia?"

"Nilisema kwa hasira."

Cheche akashusha pumzi ndefu mno. "Haya, kama umewahurumia mwenyewe..."

"Umehurumiwa wewe," mama yake akasema. "Tazama miguu inavyotetemeka." Wakacheka wote, na Cheche ndani ya barakoa.

Jumapili akakata bati upande wa pili wa stoo, akaweka mlango mpya. Ule wa zamani ukaachiwa nyigu.

Kabichi chache bado zilitobolewa, lakini nyingi zilifunga vizuri, ngumu kama mawe. Dada yake Cheche alipomuuliza wifi yake amepuliza dawa gani, alipelekwa barazani, akapewa kigoda. Na kabichi ya kwanza ilipokatwa, mama mkwe alikataa kuitia kwenye kikapu. Aliibeba kifuani kama mtoto mchanga mpaka jikoni.