Mshale wa Hapana

Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukoo wetu hapa Dar, alinipigia simu akiwa bado na hasira za msiba uliopita. Kwenye msiba ule watu wawili walikodi magari mawili kusafirisha mwili mmoja, na katika wote hakuna aliyekumbuka kibali cha mazishi. Tukakwama njiani na marehemu wetu, tunapigiana simu za kulaumiana.

"Wewe si unashinda kwenye kompyuta?" akaniambia. "Tuchoree ule mchoro wenye maboksi na mishale. Mtu akifa, kila mmoja aangalie ajue zamu yake."

Nikajibu, "Nimesikia, baba," lakini nilinuna. Mie kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu, michoro naijulia wapi? Halafu kulikuwa na ishu ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja. Mama yangu alikuwa anaishi na mimi Mbezi, moyo umechoka, miguu imevimba, na ukoo mzima tulijua ni nani angekuwa wa kwanza kupitishwa kwenye mchoro huo.

Nilipakua programu Jumamosi mchana, mama akiwa chumbani amepumzika. Video ya mafunzo ilianza na kuchemsha chai. Umbo la yai ni mwanzo na mwisho. Mstatili ni kazi ya kufanya. Almasi ni swali, na kila swali lazima litoe mishale miwili, ndiyo na hapana. Maji yamechemka? Hapana, subiri. Ndiyo, tia majani. Nikacheka peke yangu, kumbe rahisi hivi! Nikafuta chai yote, na kwenye yai la juu nikaandika: Mtu amefariki.

Aisee, mwili ulinisisimka. Upande wa pili wa ukuta mama alikohoa, kisha kimya. Kwetu mtu aliye hai hanunuliwi jeneza wala hapimiwi kaburi, wanasema ni kumwitia kifo. Na mie nimekaa pale na soda yangu, navuta boksi la jeneza nalinyoosha liwe sawa na boksi la kibali. Nikainuka nikachungulia chumbani. Mama alikuwa amegeukia ukutani. Nikasimama mlangoni mpaka nilipoona shuka linapanda na kushuka, ndipo nikarudi.

Kazi iliendelea vizuri hadi kwenye almasi. Niliandika ndani yake: Anasafirishwa? Mshale wa ndiyo niliupeleka kwenye gari, halafu nyumbani Rombo. Mshale wa hapana sikuwa na pa kuupeleka. Nikampigia baba mdogo.

"Futa hiyo hapana," akasema. "Kwetu haipo. Mtu wetu analala kihambani, kwenye migomba ya baba zake."

Basi nikaiacha almasi na mshale mmoja, ingawa mwalimu wa kwenye video angenigombeza. Nikatuma linki kwenye grupu la ukoo. Hapo ndipo ugeni wangu uliponiponza. Kwenye ruhusa nilichagua yeyote mwenye linki aweze kuhariri, nikidhani ndiyo njia ya wazee kufungua bila kuombwa nywila. Hongera zikamiminika, vidole gumba vikapangana. Kisha umeme ukakatika. Feni ikasimama, nyumba ikawa kimya, nikabaki na chaji ya kompyuta na bando la simu.

Boksi la jeneza likazungukwa na mstari wa zambarau. Juu yake kulikuwa na neno dogo: Mgeni.

Sikuwa nimegusa kitu. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Boksi likatetemeka, likasogea pembeni, likarudi. Zambarau ikaliacha, ikaenda kwenye kibali, ikaenda kwenye ibada, ikaja kusimama kwenye almasi. Nikaandika kwenye grupu, "Nani anachezea?" Hakuna aliyejibu. Zambarau ilikaa pale kwenye swali, haiondoki. Halafu mshale mpya ukachomoza, umepinda, ukateremka taratibu hadi chini ya ukurasa. Pembeni yake pakaandikwa: Hapana.

Toba! Mwisho wa ule mshale pakatokea boksi, na ndani yake herufi zikawa zinakuja moja moja, zinapumzika, zinakuja tena. Temeke. Kwa mdogo wako.

Mie ni kitinda mimba. Sina mdogo.

Niliogopa, sifichi. Mtu mzima nina ndevu zangu, nikaita, "Mama!" kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Usipige kelele," sauti ikatoka chumbani. "Naandika."

Nilimkuta ameketi kitandani, miwani puani, simu juu ya mto ikionyesha mchoro ule ule wa kwenye grupu, kidole kinamtetemeka hewani. Nikakaa miguuni pake. Hata shikamoo ya mchana nilisahau.

"Mama, mdogo wangu yupi?"

"Baada yako alikuja mwingine, wa kiume," akasema bila kunitazama. "Hakumaliza wiki. Baba yako na baba yako mdogo wakaenda kumzika Temeke. Nikaambiwa nisilie sana, nitapata mwingine." Akavua miwani. "Sikupata. Kila nilipokuaga naenda Tandika sokoni, nilikuwa napitia kwake kwanza."

Nilimshika mguu, ule uliovimba, nikaumia kwamba nimeishi miaka yote hiyo bila kujua kuna mtu aliyenifuata.

Simu yangu ikaita. Baba mdogo, sauti juu. "Nani kaharibu mchoro? Temeke ya nini? Futa sasa hivi!"

Mama akaninyang'anya simu.

"Shemeji," akasema kwa upole ule anaoutumia akikasirika kweli. "Siku ile mlisema mtoto mchanga hasafirishwi. Sikubisha. Basi na mama yake hasafirishwi."

Baba mdogo alipojibu, hakuwa na sauti ya mwenyekiti tena.

"Shemeji, kaburi lenyewe bado lipo?"

"Lipo," mama akasema. "Nilikuwa nalifagia mwenyewe, mpaka hii miguu ilipokataa."