Shujaa Aliyekunywa Mtori wa Mzazi

Sifael wa Mwika alikuwa fundi wa kuandika mabango ya mabucha, mpaka mashine za fotokopi zilipojaa Moshi mjini zikamnyang'anya kazi. Hapo akaanza kuchora vitabu vya katuni, akavitundika sokoni kwa vibanio vya nguo.

Shujaa wake alihitaji chanzo cha nguvu. Wale wa kwenye video walipigwa na radi, lakini Mwika radi huua ng'ombe tu. Sifael akakumbuka jinsi mwanamke aliyejifungua anavyofungiwa ndani akinyweshwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na kutoka baada ya miezi mitatu mashavu yaking'aa. Akamchora mwanamume dhaifu aliyekunywa kwa siri chungu cha mkewe mzazi, kisha akanyanyua lori la kahawa lililokwama matopeni. Akamwita Bwana Mtori.

Wanaume walimpenda kupita kiasi. Jirani wa Sifael, Ebenezeri, alifumaniwa na mkewe mzazi kichwa kikiwa ndani ya sufuria ya mtori.

"Unafanya nini?"

"Lori limekwama," akajibu.

Habari zilimfikia mama mkwe wa Sifael, Bibi Yuditha, wakati binti yake Aikande, mke wa Sifael, akisubiri kujifungua. Mama yake Sifael alishafariki, kwa hiyo Bibi Yuditha ndiye angemhudumia mzazi. Alifika na mkungu wa ndizi kichwani, akagoma kuushusha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndizi hizi ni za mwanangu, si za shujaa. Namchukua nyumbani. Mtoto utamwona uzazi ukiisha."

"Miezi mitatu, mama? Mimi mtori hata siupendi."

"Aliyeuchora ni nani?"

"Mama, shusha mzigo, shingo itauma," alisema Aikande.

"Shingo ni yangu."

Sifael hakuwahi kubishana na mama mkwe. Hata kumtazama usoni aliona haya. Akachukua karatasi. "Basi namuua Bwana Mtori sasa hivi."

"Usimuue," ilisema sauti nyuma ya ua wa mimea ya masale. Alikuwa Ebenezeri. "Kwenye kitabu cha mwisho, lile lori bado halijavuka daraja."

Sifael akakuna kichwa, kisha akachora mlango. Mlangoni akatokea mwanamke mwenye mwiko. Alimchapa Bwana Mtori mara moja tu, nguvu zote zikamtoka, akatumwa kukata majani ya ng'ombe.

Bibi Yuditha akasogea, mkungu ukiyumba. "Huyu ni nani?"

"Ni... mama tu."

"Kitambaa changu cha kichwa kina maua."

Sifael akaongeza maua.

"Na nguvu zake kazitoa wapi?"

Sifael akainamia karatasi. Radi aliiogopa, na mtori hakuthubutu kuutaja.

"Andika: amezaa watoto tisa," alisema Bibi Yuditha. "Wote akitembea kwa miguu yake mpaka zahanati."

Akaandika. Bibi Yuditha akasoma polepole, akashusha mkungu.

"Jiko liko wapi?"

Aikande alijifungua mtoto wa kike, na Sifael akamwona siku hiyo hiyo. Mwanamke wa mwiko, aliyeitwa Mama Mwiko, akauzika sokoni kuliko Bwana Mtori. Mpaka leo watoto wa Mwika hugombea kuwa Mama Mwiko, na hakuna anayetaka kuwa Bwana Mtori isipokuwa Ebenezeri.

Uzazi ulipokwisha, Bibi Yuditha alimpa mkwewe kijiko kimoja cha mtori. Akasimama, mwiko mkononi, akimtazama anavyomeza.

"Umesikia nguvu?"

"Kidogo, mama."

"Haya. Kabebe yale majani ya ng'ombe."